Bunduki ya kale si kinyago: Jumuiya iiwekee kanuni moja

Vitu vya kale vina soko Kigali. Mgeni akikaa mjini siku mbili tatu huondoka na agaseke, kinyago cha Kongo na pengine sarafu ya enzi ya Wajerumani. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua soko hilo, kwani baadhi ya vitu hivyo hupita mikononi mwao kabla ya kufika dukani. Lakini kuna kitu kimoja cha kale kinachoweza kumfilisi mtu na kumfunga jela kwa safari moja tu. Kitu hicho ni bunduki ya zamani ya kijeshi, hasa ile fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya askari wapanda farasi, ambayo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huiita karabini.

Chukulia mfano wa mama anayenunua vitenge Goma na kuviuza Nyamirambo. Siku moja dalali anamfuata na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia. Ndani yake mna bunduki yenye kitako cha mbao ngumu. Chuma hakina kutu, namba zote zinasomeka.

"Mama, hii si silaha tena," dalali anamwambia. "Ni kumbukumbu ya babu. Risasi zake hazitengenezwi siku hizi. Kuna Mzungu Kigali anaitafuta, wewe kazi yako ni kuivusha tu."

Malipo aliyoahidiwa yanapita faida ya vitenge vya miezi kadhaa. Mama huyo ni wa mfano tu, lakini swali lililo mbele yake ni la kweli: je, alichoonyeshwa ni silaha, ni bidhaa, au ni urithi wa taifa?

Jibu ni kwamba ni vyote vitatu kwa pamoja, na hapo ndipo penye tatizo. Polisi huiona kuwa silaha. Kitabu cha ushuru kinaweza kuiita bidhaa ya kale. Sheria ya makumbusho inaweza kuiita mali ya nchi, au isiitambue kabisa, kutegemea ni upande gani wa mpaka. Anayebeba hasara ya mkanganyiko huo ni yule aliyekutwa nayo mkononi. Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kuwa na kanuni moja juu ya silaha za kale. Mpaka siku hiyo ifike, mfanyabiashara mwenye akili haivushi, hata kama ahadi ya pesa ni nono namna gani.

Silaha ya farasi katika nchi isiyo na farasi

Ili kuelewa kwa nini kitu hiki kina wateja, inafaa kukijua. Mfano mzuri ni karabini ya Mauser ya modeli ya 1871. Bunduki ya askari wa miguu ya modeli hiyo ilikuwa na urefu wa karibu mita 1.35. Mpanda farasi hangeweza kuhangaika na kitu kirefu hivyo juu ya tandiko, kwa hiyo alitengenezewa fupi, ya takriban mita moja. Mkono wa komeo lake ulikunjwa chini usinase kwenye nguo au hatamu, na mbao yake ilifika karibu na mdomo wa mtutu. Ilipiga risasi moja moja ya milimita 11, kwa baruti nyeusi.

Jamaa hiyo ya Mauser 1871 ndiyo iliyobebwa na askari wengi wa jeshi la kikoloni la Wajerumani katika eneo lililokuwa Tanganyika, Rwanda na Burundi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wengi wao walikuwa bado na bunduki hizo za kizamani. Kila risasi ilitoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Upande wa Kongo hali haikuwa bora sana. Askari wengi wa Force Publique ya Wabelgiji walikuwa na Albini, nayo ni ya milimita 11 na ya risasi moja moja. Kwa hiyo mapigano ya kandokando ya Ziwa Kivu, kisiwani Idjwi na karibu na Gisenyi, yalipiganwa kwa kiasi kikubwa kwa silaha ambazo Ulaya ilikwisha kuzistaafisha. Wabelgiji waliingia Kigali mwezi Mei 1916.

Ajabu ni kwamba farasi wenyewe hawakufaa ukanda huu. Walowezi wa Nairobi waliunda kikosi cha wapanda farasi mwaka 1914, East African Mounted Rifles, lakini mbung'o na maradhi viliwamaliza wanyama. Mwaka 1916 kikosi cha Afrika Kusini chini ya Jenerali Van Deventer kilikwenda Kondoa Irangi kikiwa juu ya farasi na kupoteza wengi wao. Bunduki ya mpanda farasi ilibaki, farasi akafa. Ikawa silaha ya mtu wa miguu anayepenya vichakani, na baadaye ikawa kitu cha kufichwa darini.

Ndiyo maana iliyohifadhiwa vizuri ni adimu. Unyevu, mchwa na mchanga vimekula nyingi. Mkusanyaji humlipa zaidi mwenye bunduki ambayo namba za mtutu, komeo na kitako zinalingana, ambayo rangi ya chuma haijasuguliwa, na ambayo ina alama ya jeshi lililoimiliki. Silaha za jeshi la kikoloni la Ujerumani, kwa mfano, nyingine zilipigwa mhuri wa herufi K.S. Anayechukua msasa na kuing'arisha ili ivutie anakuwa ameifuta historia yake na kuipunguzia bei.

Wahenga wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Bunduki iliyotolewa kijijini kwa siri haina daftari. Haijulikani ilikuwa ya nani, ilitumika wapi, ilifikaje pale. Kwa hiyo dalali wa mwanzo hupewa kidogo na mfanyabiashara aliyeivusha hupewa kidogo. Bei kubwa huonekana mwishoni, kwenye mnada wa mbali, baada ya mtu mwingine kuiandikia wasifu mzuri. Faida iko kule, hatari yote iko huku.

Biashara iliyowahi kumpeleka mtu kitanzini

Wafanyabiashara wa leo si wa kwanza kuwekwa katikati ya bunduki na mpaka. Katika miaka ya 1870 na 1880 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha kila baada ya miaka michache. Zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na nyingi zikaja pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu, na mara nyingi kwa watu.

Rwanda ilikuwa tofauti. Chini ya Mwami Kigeri Rwabugiri misafara ya pwani haikuruhusiwa kuingia na kufanya itakavyo. Ufalme ulijitegemea kwa mikuki na pinde, na kwa muda mrefu ulifaulu. Lakini mwaka 1896, baada ya kifo chake, wapiganaji wa Rwanda walikutana na bunduki za askari wa Kongo huko Shangi, kusini mwa Ziwa Kivu, wakashindwa. Miaka mitatu minne baadaye nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Kwa Mnyarwanda, basi, bunduki ya karne ya 19 ina maana nzito kuliko pambo la ukutani.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Miongoni mwa mambo mengine mkataba huo ulibana uuzaji wa bunduki za kisasa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Miaka mitano haikupita kabla ya biashara hiyo kumwua mfanyabiashara maarufu wa njia za bara, Charles Stokes.

Stokes alitoka Ireland akiwa mmisionari, kisha akaacha kazi ya kanisa na kuongoza misafara. Alioa katika ukoo wa kitawala wa Wanyamwezi, na wapagazi wake walivuka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Uganda na Kongo. Maofisa wa Dola Huru ya Kongo walimshutumu kwa kumuuzia silaha Kibonge, mmoja wa wakubwa wa Waswahili na Waarabu waliokuwa wakipigana nao. Kapteni Lothaire alimkamata, akamhukumu haraka bila nafasi ya rufaa, na tarehe 15 Januari 1895 akamnyonga. Uingereza na Ujerumani zilikasirika na Kongo ikalipa fidia kwa serikali zote mbili, lakini Lothaire alishtakiwa na kuachiwa huru.

Funzo la kisa hicho kwa mtu wa mpakani halihusu wema au ubaya wa Stokes, kwani bunduki zake ziliua watu. Linahusu mipaka. Stokes aliishi mahali ambapo kila dola ilikuwa na sheria yake, na mzigo uliopita upande mmoja ukawa hatia ya kifo upande wa pili. Miaka zaidi ya 130 imepita, mahakama zimebadilika na kitanzi hakipo tena njiani. Lakini kasoro ya msingi, ya mzigo mmoja kuwa na majina tofauti kila unapovuka, bado ipo.

Namba ya ushuru si kibali

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba, ambao ndio msingi wa Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, unaweka silaha na risasi katika sura ya 93. Lakini maelezo ya mwanzo ya sura hiyohiyo yanasema haihusu vitu vya wakusanyaji wala vitu vya kale. Hivyo viko sura ya 97, na kichwa namba 97.06 kinahusu vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka 100.

Dalali mwerevu akiyasoma maneno hayo huona mlango umefunguliwa. Bunduki ya 1876 ina umri wa karibu miaka 150, hivyo, atasema, iko sura ya 97 pamoja na saa za ukutani na viti vya kifalme. Kwa hesabu ya ushuru anaweza kuwa sahihi. Kwa ruhusa ya kuvusha amekosea kabisa. Namba ya ushuru inamweleza ofisa ni kiasi gani kitozwe. Haimwambii kama mwenye mzigo ana haki ya kuwa nao. Swali hilo la pili hujibiwa na sheria ya silaha ya kila nchi, na nchini Rwanda, kama kwa majirani zake, mtu hamiliki bunduki bila kibali cha mamlaka.

Wala utaratibu rahisi wa biashara ndogo hausaidii. Wauzaji wa mpakani wanaufahamu: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili bila kuhitaji wakala wa forodha. Utaratibu huo ulitengenezwa kwa ajili ya mahindi, maharage, kuku, sabuni na vitenge. Kitu kinachohitaji kibali maalumu hakiingii humo, hata kama bei yake ni dola 50.

Adhabu nayo si ya mchezo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa mahakamani anayeingiza bidhaa zilizokatazwa au zilizowekewa masharti, kinyume cha masharti hayo, kifungo kisichozidi miaka 5 au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Mzigo hutaifishwa, na chombo kilichoubeba kinaweza kutaifishwa pia. Hapo bado sheria ya silaha ya nchi husika haijaguswa. Mwenye lori aliyekubali kuficha kifurushi cha rafiki chini ya magunia ya viazi anaweza kupoteza lori analolilipia mkopo benki.

Miaka miwili inayotenganisha majirani

Kama silaha hiyo ni urithi, sheria ya urithi ingeweza kuweka mambo sawa. Lakini hapo pia kila nchi imechora mstari wake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inaviita masalia ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inatambua kuwa kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa nchini humo au kuingizwa kabla ya mwaka 1895. Weka Mauser ya modeli ya 1871 kati ya mistari hiyo miwili. Ikiwa iliingia Mombasa mwaka 1890, Kenya inaiita kitu cha kale na kukitoa nje kunahitaji ruhusa. Ikivuka Namanga, kwa kipimo cha mwaka 1863 ni changa mno. Bunduki haikubadilika hata msumari, kilichobadilika ni upande wa barabara.

Kutofautiana huku kunamfaidi mlanguzi peke yake. Yeye hutafuta upande ulio mlegevu, akapitishia hapo. Rwanda, Tanzania na Kongo zote zimejiunga na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, lakini mkataba hauwezi kufanya kazi ikiwa majirani hawajakubaliana mali yenyewe ni ipi.

Nchi za wanunuzi zimekwisha kujiamulia. Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kwa kawaida si bunduki mbele ya sheria ya shirikisho. Uingereza nayo ina msamaha kwa silaha za kale zinazowekwa kama mapambo au kumbukumbu. Ndiyo sababu mkusanyaji wa huko huzungumza juu ya karabini kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia stempu. Dalali anayerudia maneno yake mpakani Rubavu anamdanganya mwenzake, maana msamaha wa London haufiki Petite Barrière.

Hoja ya polisi ina uzito

Wapo watakaosema suluhisho ni kufungua mlango kama Uingereza: silaha ya kale iuzwe kama kabati. Wazo hilo halifai hapa. Hata Waingereza waliona walanguzi wakinunua bunduki za kale kihalali, kisha wakitengenezea risasi na kuwauzia wahalifu. Mwaka 2021 walilazimika kukaza kanuni na kuondoa baadhi ya aina za risasi katika orodha ya msamaha. Kauli kwamba risasi zake hazipatikani ni ya leo tu. Fundi mwenye mashine ndogo anaweza kuibatilisha kesho.

Na Afrika Mashariki si Uingereza. Rwanda inajua silaha zilizozagaa zilifanya nini. Mashariki ya Kongo bado inateseka kwa ajili ya silaha zinazovuka mipaka kimyakimya. Ni kwa sababu hiyo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ya kudhibiti silaha ndogondogo, na kuunda chombo cha kikanda cha kuisimamia, RECSA, chenye makao yake Nairobi. Ofisa wa mpakani anayekataa kusikiliza hadithi ya babu anafanya kazi yake.

Lakini ukali usio na jicho nao una hasara. Mwezi Novemba 2016 Kenya ilichoma silaha haramu 5,250 huko Ngong. Lilikuwa jambo jema kwa usalama. Hata hivyo moto hauchagui. Bunduki ya mwizi wa mifugo ikichomwa, jamii imepata nafuu. Bunduki iliyobebwa na askari Mnyamwezi kutoka Tabora hadi Kigali ikichomwa bila kuangaliwa namba yake, ushahidi umepotea na hautarudi.

Na ushahidi huo ni wa watu wa ukanda huu kabla ya kuwa wa Wajerumani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani wa Afrika Mashariki, wazee waliofika Mwanza wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Mlipaji akachukua ufagio, akampa mmoja mmoja, na kutoa amri za kijeshi kwa Kijerumani. Mikono ya wazee ikakumbuka jinsi ya kuushika kama bunduki, wakalipwa. Wazee hao wameondoka. Vyuma walivyobeba ni miongoni mwa vitu vichache vilivyobaki, na si haki vyote viishie ama kwenye tanuri ama kwenye sebule ya mtu ng'ambo.

Kigali yenyewe ina mahali pa kuvisimulia. Nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeuanzisha mji huu kama makao ya utawala, ni jumba la makumbusho linaloeleza maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, wakati wa Wajerumani na baada yake. Mtoto wa Biryogo anaweza kwenda huko kwa miguu.

Kanuni nne zinatosha

Jumuiya haihitaji sheria ndefu. Jambo la kwanza ni tafsiri moja ya silaha ya kale. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha imeziachia nchi zitoe tafsiri yao, lakini imeweka ukomo: isihusu iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899. Nchi wanachama zikubaliane na mwaka huo, na sheria za urithi zisogezwe hapohapo, badala ya 1863 huku na 1895 kule.

Pili, silaha hiyo isivuke mpaka wowote bila vibali viwili kwa pamoja, cha mamlaka ya silaha na cha mamlaka ya makumbusho. Kimoja kisichukue nafasi ya kingine, na kitabu cha ushuru kiandikwe wazi hivyo kwenye sura ya 97. Vituo vya pamoja vya mpakani kama Rusumo na Gatuna tayari vimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kuwapa orodha moja ya kukagulia si jambo gumu.

Tatu, kuwe na njia ya kusalimisha bila kukamatwa. Mjane aliyekuta bunduki ya babu mkwe wake darini si mlanguzi. Akitoa taarifa mwenyewe apewe stakabadhi, jina la ukoo wake liandikwe kwenye maelezo ya makumbusho ikiwa anapenda, na apewe zawadi ya fedha yenye maana. Bila zawadi hiyo dalali atashinda kila mara, kwa sababu yeye huja na noti mkononi.

Nne, kabla ya silaha zilizokusanywa kuchomwa au kupondwa, mtaalamu wa makumbusho apite na kuzikagua. Zenye thamani ya kihistoria zilemazwe zisiweze kupiga tena, zipigwe picha, ziandikwe namba na kuhifadhiwa. Kati ya maelfu zitatoka chache tu, na kazi hiyo ni ya siku chache.

Wakati kanuni hizo zinasubiriwa, mfanyabiashara ana la kufanya. Asikubali kubeba kifurushi asichokifungua mwenyewe. Akionyeshwa bunduki ya kale, asiinunue, asiisafishe, wala asiibebe kwenda makumbusho hata kwa nia njema, kwa kuwa njiani atakuwa mtu mwenye silaha bila kibali. Atoe taarifa kwa kiongozi wa mtaa au polisi wa upande ule ilipo, nao waje kuichukua hapo ilipo. Na dalali akimwambia kwamba iko sura ya 97, amwombe amwonyeshe kibali cha silaha. Mazungumzo yataishia hapo.

Yule mama wa vitenge ana mtaji wa kulinda, ana wateja Nyamirambo wanaomsubiri na ana jina safi kwa maofisa wanaomwona kila wiki. Jina hilo limemchukua miaka kulijenga, na ndilo linalomfanya avuke kwa dakika chache wakati wengine wanapekuliwa. Hakuna karabini inayolingana nalo kwa bei. Alirudishe gunia kwa mwenyewe, kisha avuke na vitenge vyake.